Kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, je ya ardhi? Kwa wenye nyumba wa Mwanza

Juzi jioni baba mdogo kanipigia kutoka Buhongwa, sijamaliza hata shikamoo kashaanza, "We mwanangu, hii luku yangu imeingiliwa na wezi?" Kanunua umeme wa elfu kumi kama siku zote, siku zote anapata uniti 28, safari hii kaletewa 23 na pointi. Nikamwambia baba mdogo nisomee meseji yote, usiishie kwenye zile namba ishirini za tokeni, shuka mpaka chini. Akasoma taratibu kama anasoma barua ya mahakama, gharama, VAT, EWURA (wadhibiti wa nishati), REA (wakala wa umeme vijijini), na mwisho kabisa ndo ikatokea, debt collected 1500. Akashtuka, "Deni? Mimi nadaiwa na nani?"

Hadaiwi na mtu. Hiyo ni kodi ya jengo, na naona nusu ya watu ninaowajua huku Mwanza wanakatwa kila mwezi hawajui ni nini, na nusu nyingine wanajua ila wanaamini wakishakatwa hiyo wamemalizana na serikali kuhusu nyumba yao. Hao wa pili ndo nawaonea huruma zaidi, nitafika huko.

Kwanza tuelewane kwenye hili neno kodi maana linatuchanganya sana. Mpangaji anamlipa mwenye nyumba kodi. Mwenye nyumba anailipa serikali kodi ya jengo. Halafu kuna kodi ya pango la ardhi, ambayo ni ya kiwanja chenyewe, hata kama juu yake hujajenga kitu na unalima mchicha. Neno moja mizigo mitatu, kila mmoja una mwenyewe anayeupokea. Hela ya taka unayodaiwa mtaani haimo hata kwenye moja kati ya hizo, hiyo ni ada ya usafi.

Sasa hii ya kwenye luku. Zamani kodi ya majengo ilikuwa inakusanywa na halmashauri, unaletewa bili nyumbani, ukiificha chini ya godoro basi mpaka waje tena. Mwaka 2016 TRA, mamlaka ya mapato, wakaanza kukabidhiwa hiyo kazi, baadae vikaja viwango vya mkupuo, elfu kumi kwa mwaka nyumba ya kawaida na elfu hamsini kwa kila ghorofa kwa sisi wa mijini. Foleni za kipindi kile sijui nani anazikumbuka, watu walikuwa wanatoka Kishiri na Igoma asubuhi na mapema ili walipe elfu kumi. Ndo Agosti 2021 ikahamishiwa kwenye luku, 1,000 kwa mwezi nyumba ya chini na 5,000 kwa kila ghorofa, na Julai 2023 ikapandishwa ikawa 1,500 na 7,500, kazi ya kuisimamia ikatoka TRA ikarudi kwa serikali za mitaa. Kwa mwaka ni 18,000 kwa nyumba ya kawaida na 90,000 kwa kila ghorofa. Hicho ndo kiwango, haijalishi nyumba yako ina vyumba viwili Mahina au vyumba saba na geti la umeme Capri Point, ilimradi zote ni za chini zinalipa sawasawa. Mimi binafsi hapa naona kuna uonevu lakini ndo hivyo.

Ngoja nikuoneshe hesabu ya baba mdogo maana yeye hakuniamini mpaka nilipomwandikia. Ukiweka elfu kumi, kitu cha kwanza kutoka ni ile 1,500, inabaki 8,500. Ndani ya hiyo 8,500 kuna VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1 na REA asilimia 3, ukiyatoa hayo hela ya umeme wenyewe inabaki kama 6,967. Umeme wa nyumbani wa kawaida ni 292 kwa uniti kabla ya hayo makato, gawanya, unapata 23.9. Mwezi huohuo ukinunua tena elfu kumi nyingine hutakatwa deni, kwa hiyo hela ya umeme inakuwa 8,197 na unapata uniti 28.1. Yaani tofauti ni uniti nne na kidogo, mara moja tu kwa mwezi. Wale mnaotumia umeme kidogo, mlio kwenye lile kundi la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi ambapo uniti ni kama 122 na makato yake, nyie inawauma zaidi kwa macho maana 1,500 ni uniti kumi na mbili nzima zimeondoka.

Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Sasa hapa ndo watu wanapigana na mita. Kuna jirani yangu mmoja ni mvuvi, yeye akienda kambi ya dagaa visiwani anafunga nyumba miezi mitatu, harudi mpaka giza la mwezi limpe au limnyime. Karudi usiku, nyumba giza, kanunua umeme wa elfu tano achaji simu apumzike, kaletewa uniti moja na pointi nne. Kumbe ile miezi mitatu ilikuwa inajipanga tu, 1,500 mara tatu ni 4,500, imebaki mia tano ya kununulia umeme. Alitukana mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. Ukiifunga nyumba kodi haifungwi, kwa hiyo ukirudi safari weka hela ya kutosha au mwachie mtu anunue hata ya elfu mbili kila mwezi ili lisirundikane.

Na usiende kuwafokea TANESCO. Wao mfumo wao ndo unakata lakini kodi sio yao, kwa hiyo kuirekebisha, kuipunguza au kuifuta kwenye mita yako anzia halmashauri yako. Dada wa dirishani wa umeme atakusikiliza kwa upole kisha atakwambia uende halmashauri, umepoteza nauli.

Mita nyingi nyumba moja

Hii ni ya mitaa yetu ya kupangisha, Mabatini, Igogo, Kirumba, Nyakato, nyumba moja ina luku nne kwa sababu wapangaji walishagombana kuhusu friji na pasi mpaka mwenye nyumba akachoka akampa kila mtu mita yake. Kodi ni ya jengo, sio ya mita. Kama ni nyumba moja ya chini inatakiwa ikatwe 1,500 basi, kwenye mita moja. Kama zote nne zinakatwa hiyo ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka, mahali pa 18,000. Kusanya namba za mita zote (ziko kwenye meseji yoyote ya kununulia umeme), nenda nazo halmashauri ukaeleze kwamba hizi zote ni za jengo moja, wabakize moja.

Kinyume chake nacho kipo, una nyumba kubwa, nyuma yake umejenga nyingine ya wapangaji, zote zinakula umeme wa mita moja. Hapo ujue majengo ni mawili. Sikufundishi kukwepa na sikufundishi kujishtaki, nakwambia tu hesabu inavyopigwa ili ukija kuona 3,000 usidhani umeonewa.

Na sisi watu wa milimani tuna letu. Nyumba zetu zimekaa juu ya mawe, mbele iko chini nyuma iko juu, mtu akisimama barabarani anaona kama ghorofa wakati ni nyumba ya chini imenyanyuliwa kwa msingi mrefu kwa sababu jiwe lilikataa kuvunjika. Ukiona mita yako inakatwa 7,500 au 15,000 na wewe huna ghorofa, nenda ukaombe waje waangalie jengo kwa macho. Piga picha pande zote, hasa ule upande wa juu ambapo mlango unakanyaga ardhi moja kwa moja.

Wapangaji nanyi

Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Luku ni yako kwa matumizi lakini lile deni linalokatwa pale sio lako, umemlipia. Serikali yenyewe mfumo ulipoanza ilisema mpangaji akubaliane na mwenye nyumba hela irudi kwenye kodi ya pango. Ukikaa mwaka mzima na mita inakatwa ni 18,000 hiyo, kwa chumba cha elfu arobaini ni karibu nusu ya mwezi. Weka zile meseji usizifute, siku ya kulipa kodi nenda nazo kwa adabu, "Mama shikamoo, naomba tupige hesabu ya hii ya jengo." Wengine wanaelewa, wengine watakwambia hama. Ila kama nyumba ina wapangaji wanne na mita inayokatwa ni ya kwako peke yako, hapo kweli usinyamaze.

Msamaha, na habari ya mama

Hapa ndo pana utamu. Sheria inayosimamia kodi za majengo, ile ya ukadiriaji wa majengo, imetoa watu na majengo kadhaa nje. Majengo ya serikali ya shughuli za umma, nyumba za ibada, maktaba za umma, makumbusho, makaburi, viwanja vya michezo, hayo hayatuhusu sana mimi na wewe, isipokuwa nyie wazee wa kanisa na kamati za misikiti mkumbuke kwamba kinachosamehewa ni sehemu ya ibada, zile fremu za maduka mlizojenga barabarani mnapangisha ni biashara.

Yanayotuhusu ni matatu. Mzee wa miaka 60 na kuendelea, kwa nyumba moja anayoimiliki na anayoishi mwenyewe. Mtu mwenye ulemavu ambaye hana kipato, nayo ni nyumba moja. Na nyumba za udongo, za tope, za kuezekwa nyasi na mfano wake, za kuishi.

Ila mfumo wa luku haujui umri wako. Mita haijui kama mwenye nyumba ana mvi. Inakata tu, mpaka mtu aende akaseme. Mama yangu ana miaka 67, anaishi Mabatini kwenye nyumba aliyojenga na marehemu baba, alikatwa toka mwaka 2021 mpaka siku nilipokuja kuangalia simu yake nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Nikamuuliza mama hii hela unakatwa ya nini, akanijibu "Si ya serikali? Sasa mimi nibishane na serikali?"

Tukaenda. Safari ya kwanza tulirudi mikono mitupu na kosa lilikuwa letu wenyewe. Tulibeba kitambulisho cha NIDA cha mama na namba ya mita, tukajiona tumemaliza. Mhudumu kaangalia mita, jina la baba. Kaangalia makaratasi ya kiwanja, jina la baba. Kamwangalia mama, kamuuliza kwa upole, "Mama, huyu ni nani?" Mama akasema ni mume wangu, amefariki. Sasa msamaha anapewa mwenye nyumba mzee, na kwenye karatasi mwenye nyumba alikuwa mtu aliyelala makaburini. Mama hakuwa na chochote kinachosema nyumba imekuja kwake. Mirathi hatukuwahi kufungua, unajua tena sisi, baba amekufa vikao vimekaa ukoo umekubaliana mama abaki kwenye nyumba, nani aende mahakamani?

Ikabidi turudi nyuma hatua zote. Kikao cha familia kikaandikwa muhtasari, sahihi za wote, cheti cha kifo, Mahakama ya Mwanzo, tangazo, mpaka mama akateuliwa msimamizi wa mirathi na mgawanyo ukafungwa nyumba ikaandikwa yake. Usiombe. Lakini kama nyumba yenu bado ina jina la marehemu, anza hilo leo hata kabla ya kuwaza msamaha, maana kila kitu cha baadae, kuanzia luku mpaka hati mpaka kukopa, kitakugonga ukutani hapohapo.

Safari ya pili tulibeba NIDA ya mama, makaratasi ya mahakama, cheti cha kifo, makaratasi ya kiwanja, barua ya mtendaji wa mtaa inayosema mama ni mkazi na anaishi kwenye nyumba hiyo, na meseji ya luku yenye namba ya mita. Kwa barua ya mtendaji mtangulie mwenyekiti au balozi wenu anayewajua, mtendaji mgeni atakuuliza maswali mengi na ana haki. Tukajaza fomu, tukaacha nakala. Nilichomwambia mama ni kwamba umeme wa mwezi unaofuata anunue nikiwepo, tukanunua wa elfu tano, mstari wa deni haukuwepo, mama akacheka akasema uniti zimerudi kwao.

Kuna vitu vitatu nilijifunza pale foleni kwa kusikiliza wenzangu. Kimoja, angalia mwaka wa kuzaliwa kwenye NIDA kabla ya kutoka nyumbani. Wazee wetu wengi waliandikishwa kwa kukadiria, mtu alizaliwa mwaka wa njaa fulani au mwaka ziwa lilipojaa, karani kaandika anachojua yeye. Bibi mmoja mbele yetu wajukuu wake walisema kavuka sabini lakini kadi ilisema ana 57, na ofisini wanaamini kadi. Hilo linaanzia NIDA sio halmashauri. Pili, ni nyumba moja tu. Mama ana kijumba kingine Igoma kinapangishwa, hicho kinaendelea kukatwa kama kawaida, na alikubali bila shida maana hicho kinaingiza. Tatu, msamaha ni wa mtu, haujapigiliwa kwenye ukuta wa nyumba. Siku mama akimpa mdogo wangu nyumba kwa jina lake, mdogo wangu ana miaka thelathini, atakatwa.

Ile ya nyumba za tope naomba niiseme polepole maana inawahusu ndugu zetu wa Misungwi, Kwimba, Magu na Ukerewe. Zamani nyumba ya nyasi haikuwa na luku kwa hiyo haikukatwa, basi. Saa hizi umeme wa REA umeingia vijijini kwa 27,000 ya kuunganishiwa, unakuta nyumba ya tope ina mita inang'aa mlangoni, na mita ikiwepo inaweza kukatwa. Kama nyumbani kwa bibi kijijini ni tope na nyasi na meseji inaleta deni, piga picha ya nyumba, chukua barua ya mtendaji wa kijiji, peleka halmashauri ya wilaya. Wewe mjukuu uliyeko mjini ndo unamnunulia umeme kwa simu, kwa hiyo wewe ndo unaiona ile meseji, yeye haioni.

 

Sasa ile iliyonyamaza

Nikarudi kwa baba mdogo. Nilipomaliza kumweleza habari ya luku akashusha pumzi, "Basi afadhali, kumbe nyumba nailipia bila kujijua, sina deni." Nikamuuliza, baba mdogo kiwanja kina hati? "Kina." Kodi ya ardhi umelipa lini? Kimya. "Si ndo hiyo ya luku?"

Siyo hiyo. Kodi ya pango la ardhi haipiti kwenye luku, haikatwi, haikuamshi usiku. Ipo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ndo mdhamini, wewe ukipewa hati ya miaka 33, 66 au 99 umekodishiwa, na kila mwaka unalipa pango. Inahesabiwa kwa ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba, matumizi na mahali kilipo. Namba ya mfano tu, kiwanja cha mita 600 kikipangiwa shilingi 20 kwa mita ni 12,000 kwa mwaka. Cha biashara kinazidi cha makazi. Ndo maana yule mwenye hati ya makazi aliyefungua baa anakuja kushtuka siku ameamua kubadili matumizi.

Mwaka wake unaanza Julai. Usipolipa hakuna mtu anakuja kukugongea mwezi huo. Inalala, inazaa riba, mwaka wa pili inalala juu ya ya kwanza, miaka kumi unakuta riba nayo imekuwa mtu mzima. Halafu siku moja inakuja ilani ya siku 14, na ukiipuuza unapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, huko nyumba inaweza kukamatwa ikapigwa mnada kufidia deni, na Kamishna anaweza kufikia kupendekeza miliki yako ifutwe. Mwaka 2022 serikali iliwahi kusamehe riba kwa waliolipa deni la msingi, waliolipa kipindi kile walipona. Usikae ukisubiri nyingine.

Na msamaha wa wazee wa kodi ya jengo haugusi ardhi. Mama yangu halipi jengo lakini kiwanja analipa kila mwaka. Watu wengi wanachanganya hapa, mzee kasamehewa luku anadhani kasamehewa vyote.

Kujua unadaiwa kiasi gani unahitaji vitu vilivyo kwenye hati yako au barua ya toleo, namba ya kiwanja, kitalu na eneo, kwa mfano kiwanja namba fulani kitalu B Buhongwa. Unaweza kupiga *152*00# ukafuata maelekezo ya ardhi, au ukaenda ofisi ya ardhi ya halmashauri yako, wanakupa bili yenye kontro namba, unalipa kwa simu au benki. Hapa wa Mwanza tuna mtego wetu. Ilemela ilikuwa ndani ya Jiji mpaka 2012 ndo ikawa manispaa yake, kwa hiyo mwenye hati ya zamani ya Pasiansi, Nyasaka, Kitangiri au Buswelu anakuta karatasi imeandikwa Mwanza, anapanga foleni ya Jiji asubuhi nzima, anaambiwa faili lako liko Ilemela. Angalia kiwanja kiko wilaya gani leo, sio hati ilisema nini mwaka 1994.

Kama kiwanja hakijapimwa na huna hati wala leseni ya makazi, bili kama hii haikufikii, ila usifurahi sana. Urasimishaji ukipita mtaani kwenu, na milima mingi ya hapa mjini ushapita, utamilikishwa na mita za mraba zitaanza kuhesabiwa.

Kuhusu vishoka. Mimi mwenyewe nimeshapigwa, naona aibu lakini nasema. Jamaa mmoja nje ya ofisi fulani, kavaa shati safi na kitambulisho shingoni kimegeuzwa nyuma, kaniambia foleni ndefu nipe laki nakulipia mimi nakuletea risiti. Risiti aliniletea, nzuri ina muhuri. Nilipokwenda baadae kuomba uthibitisho wa kutodaiwa deni lilikuwa palepale halijasogea hata shilingi. Toka siku hiyo hela yangu inaingia kwenye kontro namba tu. Na ukiingiza kontro namba kwenye simu, kabla hujaweka namba ya siri soma jina la mlipaji na kiasi vinavyotokea, jina lisipokuwa lako ghairi hapohapo. Risiti piga picha ujitumie mwenyewe whatsapp, karatasi inafutika mwaka haujaisha.

Siku unataka kuuza, kurithisha au kuweka hati benki, cha kwanza kuangaliwa ni kama pango limelipwa, uhamisho haupiti ukiwa na deni. Ukinunua nyumba ya mtu nawe usiangalie rangi na vigae tu, mwambie akuoneshe risiti za ardhi za mwaka huu, na kwenye luku nunua umeme wa elfu mbili mbele yake uone deni linalotokea ni la miezi mingapi.

Baba mdogo kesho yake asubuhi alitoa hati kwenye sanduku la bati, kanitumia picha, namba zinasomeka vizuri. Alilipa mwisho 2014. Nikamtolea bili, nikamtumia. Akapiga simu, sauti imeshuka, kwanza kauliza kuhusu ile ya miaka 60 maana yeye ana 58, nikamwambia bado miwili na ni ya jengo tu baba mdogo. Akauliza kama anaweza kulipa kidogo kidogo, nikamwambia aende mwenyewe Jiji akaongee nao, kabla ya ilani wanaongea vizuri kuliko baada ya ilani. Akakubali. Halafu akanyamaza kidogo.

"Sasa nikilipa hii, uniti zitaongezeka?"

Nikamwambia hapana baba mdogo, hii haihusiani na luku kabisa.

"Basi nitumie ya elfu kumi, umeme umebaki wa leo tu."